Fasili Sahili za Msamiati wa Msingi wa Kiingereza kwa Mwanafunzi Azungumzaye Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna maneno ya msingi ya Kiingereza yanavyofaa kufasiliwa kwa ajili ya mwanafunzi wa kiwango cha kati ambaye lugha yake ya mawasiliano ya kila siku ni Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba fasili haiwi sahili kwa sababu ya ufupi wake. Huwa sahili pale inapoonyesha mpaka kati ya neno na neno jirani, kwa kutumia maneno ambayo mwanafunzi anayamiliki tayari. Makala yanaeleza chimbuko la orodha za msamiati wa msingi, yanabainisha kanuni za fasili sahili, yanaonyesha maeneo ambamo Kiswahili na Kiingereza hugawa maana kwa njia tofauti, kisha yanatoa somo la mfano lenye vidahizo kumi na viwili pamoja na zoezi.

1.0 Utangulizi

Tuchukulie kwamba shahidi amesimama mahakamani na kusema: "Alinipiga mkononi saa mbili usiku." Sentensi hii haina neno gumu hata moja. Mtoto wa darasa la kwanza ataielewa. Hata hivyo, mkalimani anayetakiwa kuitoa kwa Kiingereza anakabiliwa na maamuzi manne kwa mara moja. Je, aliyepiga ni mwanamume au mwanamke? Mkono uliopigwa ni ule ulio karibu na bega, au ni ule wenye vidole? Saa mbili usiku ni saa ngapi kwa hesabu ya Kiingereza? Na je, wakati huo Waingereza huuita 'evening' au 'night'?

Maamuzi hayo si ya mapambo. Iwapo fomu ya P3 iliyojazwa na daktari inaonyesha jeraha chini kidogo ya bega, nayo tafsiri ya maneno ya shahidi inasema 'hand', shahidi mkweli ataonekana mwongo. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 50(2)(m), inampa mshtakiwa haki ya kusaidiwa na mkalimani bila malipo iwapo haelewi lugha inayotumiwa katika kesi. Haki hiyo hutegemea, pamoja na mambo mengine, ujuzi wa mkalimani wa maneno kama 'hand' na 'arm', wala si ujuzi wake wa istilahi za sheria peke yake.

Hali kadhalika, sera ya lugha katika elimu ya Kenya inataka masomo mengi yafundishwe kwa Kiingereza kuanzia mwaka wa nne wa shule ya msingi. Mtoto anayevuka hapo anatarajiwa kujifunza sayansi na hisabati kupitia maneno ambayo amefundishwa kwa haraka kwa kupewa kisawe kimoja cha Kiswahili. Kwa kuwa wengi wa wanafunzi wa Kiswahili vyuoni huja kuwa walimu, wafasiri na wakalimani, suala la fasili za maneno mepesi linawahusu moja kwa moja.

Katika makala haya, mwanafunzi wa kiwango cha kati ni yule anayeweza kusoma aya fupi ya Kiingereza na kuandika barua rahisi, lakini bado anategemea kamusi na mwalimu ili kuchagua neno linalofaa.

2.0 Chimbuko la Msamiati wa Msingi

Kamusi za kale za Kiingereza hazikuandikiwa mwanafunzi. Samuel Johnson, aliyechapisha kamusi yake mashuhuri mjini London mwaka wa 1755, alilifasili neno 'network', ambalo lingeweza kuelezwa kwa kuonyesha wavu wa mvuvi, kwa maneno ya asili ya Kilatini yaliyo magumu kuliko neno lenyewe. Msomaji aliyetafuta maana ya neno moja alilazimika kutafuta maana za mengine kadhaa.

Mabadiliko yaliletwa na walimu waliofundisha Kiingereza ugenini. Michael West, aliyefanya kazi Bengal wakati wa utawala wa Waingereza nchini India, alitambua kwamba vitabu vya wanafunzi wake vilijaa maneno mapya kupita kiasi. Mwaka wa 1935, yeye na James Endicott walitoa kamusi iliyofasili takriban vidahizo 24,000 kwa kutumia maneno 1,490 pekee. Hapa ndipo lilipopata nguvu wazo la msamiati fasili, yaani idadi maalumu ya maneno ambayo mtunga kamusi anajifunga kutoyavuka anapoeleza maana. Mwaka wa 1953, West alichapisha orodha ya maneno ya matumizi ya jumla yapatayo 2,000, ambayo iliathiri ufundishaji kwa miongo mingi.

Katika kipindi hicho hicho, C. K. Ogden alipendekeza mwaka wa 1930 Kiingereza cha msingi chenye maneno 850: majina ya vitu 600, maneno ya sifa 150 na maneno ya utendaji 100. Katika hayo 100, vitenzi vilikuwa 18 tu. Naye A. S. Hornby, aliyekuwa mwalimu nchini Japani, alishirikiana na wenzake kutunga kamusi ya wanafunzi iliyochapishwa Tokyo mwaka wa 1942, ambayo ndiyo mzazi wa kamusi za Oxford zinazofahamika sana katika shule za Afrika Mashariki. Kamusi ya Longman ya mwaka wa 1978 ilitumia msamiati fasili wa maneno yapatayo 2,000. Kamusi ya COBUILD ya mwaka wa 1987, iliyoongozwa na John Sinclair katika Chuo Kikuu cha Birmingham, ilichukua njia nyingine: ilitoa fasili kwa sentensi kamili, jinsi mwalimu anavyozungumza darasani.

Juhudi hizi zina thamani kubwa, lakini zina mipaka miwili. Kwanza, orodha ya maneno 2,000 hukadiriwa kufunika takriban asilimia 80 ya maneno yote katika matini za kawaida. Maana yake ni kwamba katika ukurasa wa maneno 300, maneno yapatayo 60 hubaki nje ya orodha. Pili, uchache wa maneno si sawa na wepesi. Ogden alipopunguza vitenzi, alilazimika kuunganisha vile vilivyobaki na vihusishi. Kuvumilia kukawa 'put up with', na kukata tamaa kukawa 'give up'. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, ambaye amezoea kitenzi kibebe maana yake katika mzizi na viambishi, maneno matatu madogo yanayobadili maana yanapokutana ni mzigo mkubwa kuliko kitenzi kimoja kirefu kama 'tolerate'.

Inadhihirika, basi, kwamba swali la neno lipi ni jepesi haliwezi kujibiwa bila kuuliza kwanza: jepesi kwa nani?

3.0 Kanuni za Fasili Sahili

Kutokana na historia hiyo, kanuni tano zinaweza kubainishwa.

(i) Maneno ya fasili yawe mepesi kuliko kidahizo. Kumweleza mwanafunzi kwamba 'buy' ni kupata kitu kwa kubadilishana na sarafu halali ni kumwongezea kazi. Kumwambia kwamba ni kutoa pesa ili kitu kiwe chako kunatosha.

(ii) Fasili isizunguke. Ikiwa 'big' inaelezwa kwa 'large', na 'large' inaelezwa kwa 'big', mwanafunzi ataishia pale alipoanzia.

(iii) Fasili itaje jamii ya kitu kisha tofauti yake. 'Chair' ni kitu cha kukalia. Hiyo ndiyo jamii. Ni cha mtu mmoja na kina mahali pa kuegemea. Hiyo ndiyo tofauti. Bila tofauti hiyo, kiti hakitengani na benchi wala na stuli.

(iv) Fasili ilingane na aina ya neno. Kitenzi kifasiliwe kwa kitenzi, na nomino kwa nomino, ili mwanafunzi aweze kuliweka neno katika sentensi.

(v) Fasili ionyeshe mpaka ambao lugha ya mwanafunzi haiuonyeshi. Kanuni hii ndiyo inayosahaulika zaidi, kwa kuwa kamusi nyingi za wanafunzi hutungwa kwa ajili ya dunia nzima. Mtunzi aliye Tokyo au London hajui ni wapi Mswahili atakapojikwaa. Mwalimu wa Kisumu, Garissa au Malindi anajua.

4.0 Mipaka Inayomkwaza Mzungumzaji wa Kiswahili

4.1 Viungo vya Mwili

Kiswahili huita mkono kiungo chote kutoka begani hadi ncha za vidole. Kiingereza hukigawa: 'arm' huishia kwenye kifundo cha mkono, na kutoka hapo huanza 'hand'. Mguu nao hugawanywa kuwa 'leg' na 'foot'. Kidole, ambacho kwa Kiswahili huongezewa maelezo ya mkono au mguu panapohitajika, kina majina mawili yasiyofanana, 'finger' na 'toe'. Kiswahili hakikosi uwezo wa kutaja sehemu hizi. Kina kiganja, kiwiko, kifundo, wayo na kisigino. Tofauti ni kwamba Kiswahili humruhusu msemaji kunyamaza kuhusu mpaka huo, ilhali Kiingereza humlazimisha kuchagua.

4.2 Nafsi na Ukoo

Kiambishi cha nafsi katika "alinipiga" hakisemi lolote kuhusu jinsia ya mtenda. Kiingereza hudai 'he' au 'she'. Mkalimani anayejaza jinsia ambayo shahidi hakuitaja ameongeza ushahidi. Linalompasa ni kuomba ruhusa ya kumuuliza shahidi.

Katika ukoo, mambo hugeuka. Hapa Kiswahili ndicho chenye mipaka mingi. Kaka wa mama ni mjomba. Kaka wa baba ni amu, au baba mkubwa na baba mdogo. Dada wa baba ni shangazi, na dada wa mama ni mama mkubwa au mama mdogo. Kiingereza huwaweka wote katika 'uncle' na 'aunt'. Upungufu huo una uzito. Katika mirathi ya Kiislamu, ambayo ni miongoni mwa mambo yanayoamuliwa na mahakama za Kadhi nchini Kenya, amu na mjomba hawana nafasi moja. Anayeandika 'uncle' bila kufafanua amefuta tofauti ambayo huenda haki ya mtu inaitegemea. Aidha, neno ndugu haliwezi kugeuzwa 'brother' bila kuuliza, kwani linaweza kumhusu dada, mtoto wa amu, au hata mtu wa ukoo wa mbali.

4.3 Hisi

Mswahili husikia sauti, husikia baridi, husikia njaa na husikia harufu. Kitenzi kimoja huhudumia masikio, ngozi, tumbo na pua. Kwa Kiingereza, sauti huhitaji 'hear', baridi na njaa huenda na 'feel', na harufu ina kitenzi chake, 'smell'. Kwa upande wa macho, kuona na kutazama hulingana vyema na 'see' na 'look', lakini Kiingereza huongeza 'watch', yaani kutazama kwa muda kitu kinachosogea au kinachoweza kubadilika. Mtu hutazama picha iliyotundikwa ukutani kwa kitenzi kimoja, na mpira wa miguu kwa kingine.

4.4 Kuazima na Kukopa

Eneo hili ni mashuhuri kwa makosa, na makosa hayo yana mantiki. Katika "nimeazima kalamu", msemaji ndiye aliyepokea. Katika "niazime kalamu", anayesemeshwa ndiye anayeombwa kutoa. Mzizi ni ule ule, na mwelekeo hujulikana kutokana na muundo. Kiingereza hutumia mizizi miwili: 'borrow' kwa anayepokea, na 'lend' kwa anayetoa. Mwanafunzi anayetumia 'borrow' anapomwomba mwenzake kalamu anafuata sarufi ya "niazime" kwa uaminifu. Kumcheka hakutamsaidia, kumwonyesha mahali lugha mbili zinapoachana kutamsaidia.

Hata hivyo, Kiswahili kina tofauti ambayo Kiingereza hakina. Jembe huazimwa kwa sababu litarudi lilelile. Unga na pesa hukopwa kwa sababu kinachorudi ni kingine cha kiasi kilekile. Kiingereza husema 'borrow' kwa yote mawili.

4.5 Wakati

Saa ya Kiswahili huhesabiwa tangu jua linapochomoza na linapotua, ilhali ya Kiingereza huhesabiwa tangu usiku wa manane na adhuhuri. Tofauti ya saa sita inajulikana na wote, lakini husahaulika mtu anapotafsiri kwa haraka. Vipindi vya siku ni vigumu zaidi. Jioni ya Kiswahili huishia giza linapoingia. 'Evening' huendelea hadi karibu na wakati wa kulala, kiasi kwamba saa mbili usiku huwa ndani yake. Vilevile, kwa hesabu ya jadi ya pwani, siku huanza jua linapotua. Hivyo, usiku wa Ijumaa unaweza kuwa ule ambao kwa Kiingereza ni wa Alhamisi. Ndiyo maana wasemaji makini hupendelea kusema usiku wa kuamkia Ijumaa.

4.6 Chakula na Maneno ya Mkopo

Mpunga shambani, mchele guniani na wali sahanini ni 'rice' kwa Kiingereza. Dafu, koroma na nazi kwa kawaida huitwa 'coconut'. Kwa maneno ya aina hii, fasili fupi hutosha, kwa kuwa mwanafunzi anatoka penye mipaka mingi na kwenda penye michache.

Maneno ambayo Kiswahili kimeyakopa kutoka Kiingereza huonekana kutohitaji fasili, na kwa baiskeli au penseli ni kweli. Lakini baadhi yamebadilika yalipohamia. Nchini Kenya, hoteli mara nyingi ni mahali pa kula chai na chapati. 'Hotel' ya Kiingereza ni mahali ambapo msafiri hulipia chumba cha kulala. Ufanano wa sauti huficha tofauti ya maana.

5.0 Somo la Mfano

Fasili zifuatazo zimeandikwa kwa Kiswahili kwa makusudi. Mwalimu aanze kwa kuhakikisha kwamba mpaka umeeleweka, kisha awaongoze wanafunzi kuigeuza kila fasili kwa Kiingereza chepesi, bila kutumia neno lililo gumu kuliko kidahizo.

1. 'Arm': sehemu ya mwili kutoka begani hadi kwenye kifundo cha mkono. Ndiyo inayokunjika kwenye kiwiko.

2. 'Hand': sehemu iliyo mwishoni mwa 'arm', yenye kiganja na vidole. Ndiyo inayoshika kalamu.

3. 'Borrow': kupokea kitu cha mtu kwa muda, ukikusudia kukirudisha. Mtenda ndiye anayepokea.

4. 'Lend': kumpa mtu kitu chako kwa muda, ukitarajia kurudishiwa. Mtenda ndiye anayetoa.

5. 'Hear': kupata sauti kwa masikio, hata kama hukukusudia. Radi husikika hivi.

6. 'Listen': kutega sikio kwa makusudi, yaani kusikiliza. Sauti inaweza hata isiwepo.

7. 'Feel': kujua kwa mwili au kwa moyo kwamba una hali fulani, kama vile baridi, njaa au huzuni.

8. 'Watch': kutazama kwa muda kitu kinachosogea au kinachoweza kubadilika, kama vile mchezo, mtoto mchanga au maziwa yaliyo jikoni.

9. 'Uncle': kaka wa baba au wa mama; pia mume wa dada wa mmoja wao. Panapohitajika usahihi, taja upande.

10. 'Cousin': mtoto wa 'uncle' au wa 'aunt', awe wa kiume au wa kike. Jamii nyingi za Kiafrika humwita ndugu.

11. 'Evening': kipindi cha kuanzia mwisho wa alasiri hadi karibu na wakati wa kulala. Kinaanza katika jioni ya Kiswahili na kuingia usiku.

12. 'Hotel': jengo ambamo wasafiri hulipia vyumba vya kulala. Chakula kinaweza kuwepo, lakini chumba ndicho msingi wa maana yake.

6.0 Zoezi

(a) Eleza ni vitenzi vipi vya Kiingereza vinavyofaa kutafsiri "sikia" katika sentensi hizi: Nasikia kengele. Nasikia kiu. Nasikia harufu ya samaki.

(b) "Amina alimkopesha Juma shilingi mia tano." Andika sentensi mbili za Kiingereza zenye maana hii, moja ukianza na Amina na nyingine ukianza na Juma.

(c) "Ndugu yake alikuja saa moja usiku." Orodhesha maswali yote ambayo mkalimani angepaswa kupata majibu yake kabla ya kutafsiri sentensi hii.

(d) Mwanafunzi anasoma kitabu. Dada yake anasoma chuo kikuu. Tunga fasili mbili sahili za Kiswahili zinazotenganisha maana hizi mbili za kitenzi "soma", kisha taja kitenzi cha Kiingereza kinachofaa kila moja.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba maneno yanayoitwa ya msingi ndiyo yanayobeba tofauti nyingi kati ya lugha mbili, kwa sababu ndiyo yanayotaja mwili, jamaa, siku na riziki. Orodha za West, Ogden na warithi wao ni nyenzo muhimu, lakini zilitungwa bila kumfikiria mzungumzaji wa Kiswahili. Kuziazima kunafaa, kuzifanya kikomo hakufai.

Funzo hili linakihusu Kiswahili chenyewe pia. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka wa 1981, iliandikiwa watumiaji wa lugha kwa jumla. Mgeni anayejifunza Kiswahili akiwa Kampala, Muscat au Chicago anahitaji fasili zitakazomwonyesha mpaka kati ya mchele na wali, kati ya kuazima na kukopa, na kati ya amu na mjomba, kwa maneno machache anayoyajua. Kuteua msamiati fasili wa Kiswahili ni kazi inayoweza kuanzwa na wanafunzi wa vyuo vikuu. Kila mmoja akusanye maneno ambayo wageni na watoto huyauliza mara kwa mara, ayafasili kwa maneno mepesi, kisha azijaribu fasili hizo kwa watu wasioyajua maneno hayo. Fasili ambayo mgeni hawezi kuitumia kuchagua neno sahihi iandikwe upya.

Shahidi aliyetajwa mwanzoni alisema kweli kwa maneno mepesi. Mkalimani aliyefunzwa kuiona mipaka hii ataomba kuuliza maswali yake kabla ya kutamka neno moja la Kiingereza, na jeraha lililo chini ya bega litabaki chini ya bega katika kumbukumbu za mahakama.